Kunyanyua pikapu Mwanza: anzia kwenye mizani, jeki ifuate

Pikapu ikiletwa gereji kunyanyuliwa, swali la kwanza huwa ni inchi ngapi. Swali hilo lingoje. Linalotangulia ni kilo ngapi, kwa sababu springi huchaguliwa kwa uzito itakaoubeba kila siku, na urefu ni matokeo ya uchaguzi huo. Springi za mbele zinazoinua Hilux isiyo na nyongeza yoyote kwa milimita 50 zitaiinua pungufu ya hapo mara tu ukifunga ngao ya chuma na winchi. Zile zilizotengenezwa kwa ngao na winchi, ukizifunga kwenye gari lenye bampa ya plastiki, pua itasimama kama mtumbwi uliopakiwa mzigo wote tezini.

Maelezo haya yanahusu pikapu ambazo mbele zina mkono wa juu na wa chini, katikati yake shokapu iliyovishwa springi ya koili, na nyuma zina springi za bamba: Hilux ya kuanzia 2005 (Vigo), ya 2015 (Revo) na za aina hiyo. D-Max na Ranger za zamani hazina koili mbele. Zina fimbo ndefu ya chuma inayojisokota chini ya chesisi, kwa hiyo sehemu ya mbele ya maelezo haiwahusu wenye nazo. Land Cruiser ina mambo yake, tutaifikia.

Gari linapata nini, na halipati nini

Ukiinua springi, kinachopanda ni chesisi na bodi. Difu ya mbele ya Hilux, boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi, imefungwa kwenye chesisi, nayo hupanda. Ekseli ya nyuma haipandi hata milimita moja: imekaa juu ya tairi, si juu ya springi. Ndiyo maana kuna pikapu ndefu zinazokwama palepale zilipokuwa zikikwama zamani, difu ya nyuma ikiwa imelalia tuta la katikati ya njia. Cha kuipandisha ekseli ni tairi kubwa zaidi, na hesabu yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776. La 265/70R17 lina milimita 803. Tofauti ni 27, na kinachokwenda chini ya difu ni nusu yake, milimita 13. Kwa tairi hilo kubwa, dashibodi ikisoma 80 wewe unakwenda karibu na 83, jambo la kukumbuka pale wenye tochi wanapokaa.

Kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa Misungwi, Magu na Kwimba, faida ya kunyanyua ni nafasi: tope hushika tairi, hujaa ndani ya matao na kuanza kusaga bodi, na nafasi ya ziada hulipa pa kudondokea. Lakini kama tairi ni za lami, mbuga iliyolowa itakushinda hata ukinyanyua gari kwa inchi sita. Kwenye luseni, mchanga mweupe wa miteremko, huhitaji kunyanyua kabisa. Punguza upepo wa tairi hadi psi 18 au 20, pita, kisha jaza tena kabla ya kurudi kwenye mwendo. Faida kubwa ya seti nzuri inaonekana kwenye njia za mawe kama zile za kupanda vilima vya Isamilo, na kwenye makorongo ya kushukia mialoni, ambako bampa na ngazi za pembeni ndizo hugonga kwanza.

Kiasi kinachofaa kwa gari la kazi ni milimita 40 hadi 50, yaani inchi mbili hivi. Mpaka huo una sababu za kiufundi. Ukipita 50, sivi jointi, viungo vya mihimili inayozungusha tairi za mbele, zinafanya kazi kwenye pembe kali, raba zake huchanika na grisi kutoka. Mkono wa juu unaning'inia hadi karibu kugusa koili, boli jointi yake, kiungo cha duara kinachoushika kwenye shingo ya tairi, inafika mwisho wa mzunguko, na bolti za kurekebishia mlalo wa tairi zinaishiwa nafasi, kiasi kwamba hakuna mashine ya alaimenti itakayolinyoosha gari hilo. Anayetaka inchi tatu au zaidi ajue ananunua pia mikono ya juu mipya na vipande vya kushushia difu ya mbele, pengine na mipira mirefu ya breki. Gharama hapo inaruka, na gari linakuwa jepesi kupinduka kwenye kona.

Mizani

Jaza tangi la mafuta. Pakia vitu unavyotembea navyo siku zote: boksi la spana, tairi la akiba, kanopi, betri ya pili. Mizigo ya kupita iache. Nenda kwenye mizani ya magari ya kiwanda au jineri ya pamba inayokubali kukupimia, pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, uandike. Muuzaji wa seti akikuuliza "unabeba nini?", mpe namba hizo. Watengenezaji wengi, hasa wa Australia kama Old Man Emu, Dobinsons na Ironman, hutoa springi ya gari moja kwa viwango kadhaa: mbele tupu, mbele yenye ngao, mbele yenye ngao na winchi, nyuma mzigo mwepesi, wa kati na mzito wa kudumu.

Hapa ndipo pikapu za samaki hukosewa. Boksi la lita 500 likijaa sangara na barafu hupita kilo 300 kwa urahisi, na mwenye gari hukimbilia springi nzito kuliko zote. Lakini pikapu hiyo inapakia Kayenze au Igombe asubuhi, saa mbili baadaye imeshashusha, na siku nzima iliyobaki inatembea tupu. Springi nzito ikiwa tupu haikunjiki: nyuma inarukaruka kwenye matuta, tairi zinapoteza mshiko barabara ikilowa, na bushi, yaani raba za kwenye viungo, zinakwisha upesi. Chukua ya kati. Springi nzito ni ya gari ambalo mzigo wake haushuki, kama lenye tangi la maji au mashine iliyofungwa moja kwa moja kwenye karoseri.

Na hili lisemwe waziwazi: seti haiongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Chesisi, beringi na breki ni zilezile. Pikapu ya dabo kebini ikipakiwa kupita kiasi na kusaidiwa na mifuko ya hewa kati ya springi na chesisi inaweza kupinda chesisi nyuma ya kebini, na hilo halina spana.

Kabla ya kugusa chochote, egesha gari pa tambarare, tairi zote ziwe na upepo sawa, kisha pima kila kona kutoka katikati ya kikombe cha rimu, wima, hadi ukingo wa tao la bodi. Usipime kutoka ardhini, maana tairi lililolika au lenye upepo mdogo litakudanganya. Andika namba nne. Tofauti ya milimita 5 hadi 10 kati ya kulia na kushoto ni ya kawaida. Ikizidi hapo, tafuta springi iliyovunjika au bushi iliyokwisha kabla ya kununua kitu. Bila namba hizi nne hutajua kamwe kama gari limepanda 50 au 20.

Vilivyomo ndani ya seti

Seti kamili ina springi za koili 2 na shokapu 2 za mbele, springi za bamba 2 na shokapu 2 za nyuma, yu-bolti 4 (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) zenye nati 8, sheko 2 (vyuma vinavyoning'iniza springi kwenye chesisi) za nyuma ya springi, pini 2 za mbele yake, na bushi. Bushi za polyurethane kwa kawaida huja nusunusu, nusu 6 kwa kila springi: mbili jicho la mbele, mbili jicho la nyuma, mbili tundu la chesisi. Hesabu kabla fundi hajaanza. Nusu moja ikikosekana gari litalala juu ya stendi mpaka mzigo mwingine ufike kutoka Dar es Salaam au Nairobi.

Shokapu lazima iwe ndefu kulingana na springi mpya. Kuweka springi ndefu na kubakiza shokapu za kiwandani ndiyo njia ya mkato inayotumika zaidi, na matokeo yake ni shokapu inayogonga mwisho wake wa juu kila tairi likidondoka shimoni, mpaka mafuta yatoke. Halafu soma maandishi ya pande. LH na RH ni mkono wa kushoto na wa kulia wa dereva aliyekaa kwenye kiti chake, hayo hayabadiliki. Lakini seti iliyotengenezewa nchi za usukani wa kushoto ikiandikwa "driver", kwao ni kushoto na kwetu ni kulia. Mara nyingi springi mbili za mbele hazilingani urefu, zimetofautishwa makusudi ili kusawazisha uzito wa upande mmoja. Zikibadilishana, gari litalalia upande, na mwenye gari atalaumu chesisi.

Ongeza kwenye orodha yako vitu ambavyo seti haileti: kota pini mpya 2 za boli jointi, mafuta ya kulegezea kutu, grisi ya bushi isiyokula raba, na rangi ya brashi.

Kuhusu mbinu za mtaani. Kipande cha chuma kinachowekwa juu ya shokapu ya mbele ni cha bei ndogo na kinanyanyua kweli, lakini kwa sababu shokapu imeshikwa katikati ya mkono, kipande cha milimita 25 kinainua gari karibu 50. Anayeweka cha 50 ameshaharibu sivi jointi bila kujua. Kurefusha sheko kunakupa nusu tu ya ulichorefusha, na kunageuza pembe ya difu. Kuongeza bamba moja la springi ya lori kunatoa gari gumu lisilo na urefu wa maana. Kupasha springi moto na kuikunja upya kunaondoa ugumu wa chuma. Itanyanyuka wiki mbili, kisha italala chini kuliko mwanzo. Vipande vya kuchomelea kati ya ekseli na springi tusivijadili.

Mbele

Kazi nzima ni ya mafundi wawili, saa tano au sita kwenye gari lisilo na kutu nyingi. Maji ya ziwa letu si ya chumvi, lakini gari linalobeba samaki humwagikiwa maji siku nzima, na likishuka mwaloni hurudi na tope. Bolti za bushi za gari hilo zimeshikana na mirija yake. Nyunyizia mafuta ya kulegezea kutu usiku wa kuamkia kazi, bolti zote, na urudie asubuhi.

Legeza nati za tairi gari likiwa bado chini. Weka vigingi kwenye tairi za nyuma, inua mbele kwa jeki kwenye boriti ya katikati, shusha chesisi juu ya stendi mbili nyuma ya tairi za mbele. Jeki peke yake haitoshi. Tofali la saruji si stendi, hupasuka bila kutoa taarifa.

Toa tairi. Fungua viungo vya fimbo ya stebilaiza, ile inayozuia gari kulala kwenye kona, pande zote mbili. Ukifungua upande mmoja tu itakuwa inakusukuma. Achia klipu za waya wa sensa ya ABS na mpira wa breki kutoka kwenye mkono wa juu, maana hivi viwili ndivyo hukatika fundi anapokandamiza mkono chini kwa mwili wake. Egemeza jeki ya pili chini ya mkono wa chini. Legeza zile nati tatu za juu ya shokapu lakini usizitoe. Nati kubwa ya katikati isiguswe: ndiyo inayoizuia koili iliyobanwa, na ikifunguliwa gari likiwa hapo, inaruka kama risasi. Mwambie kijana anayesaidia kabla hajashika spana, na umwonyeshe kwa kidole.

Toa bolti ya chini ya shokapu. Toa kota pini ya boli jointi ya juu, legeza nati yake mizunguko michache bila kuitoa, kisha gonga pembeni mwa chuma kinachoshika boli jointi mpaka iachie yenyewe. Usigonge uzi. Ikishaachia, toa nati yake na uifunge shingo ya tairi kwa waya isianguke nje, vinginevyo sivi jointi ya ndani itachomoka na mpira wa breki utabeba uzito usio wake. Shusha jeki taratibu, toa nati tatu, vuta shokapu.

Kubadilisha koili ni sehemu ya hatari zaidi ya siku. Kabla ya kuibana, chora alama ya rangi kuonyesha bolti moja ya sahani ya juu imeelekea wapi kulingana na tundu la chini. Tumia kibanio cha springi cha kusimama au cha ukutani kama gereji inacho. Vile viwili vya mkono vinafaa vikiwekwa vikitazamana sawasawa na kukazwa kwa zamu, mizunguko michache kila upande, kwa spana ya mkono na si kwa bunduki ya upepo, ambayo huunguza uzi. Usisimame juu ya ncha ya springi. Springi ikishaachia sahani na kuchezacheza, ndipo unatoa nati ya katikati.

Unapounganisha upya, ncha ya koili lazima ikae ndani ya kituo chake kwenye sahani ya chini, raba ya juu iwe mahali pake, na sahani ya juu ielekee kwenye alama yako. Ikikosewa hata kidogo, bolti tatu hazitaingia kwenye matundu, au zitaingia kwa nguvu na bushi ya chini ikae imejisokota. Rudisha kwa mpangilio wa kinyume: nati tatu za juu, bolti ya chini kwa mkono tu, boli jointi na kota pini mpya, klipu za waya. Stebilaiza ifungwe mwisho, pande zote zikiwa kwenye kimo kimoja.

Bolti za bushi, ile ya chini ya shokapu ikiwemo, hazikazwi za mwisho tairi likiwa linaning'inia. Raba ya bushi imegandishwa kwenye chuma. Ukiikaza mkono ukiwa chini, gari likishuka raba hukaa imesokotwa maisha yake yote, hupasuka mapema, na gari hukaa juu kwa uongo siku za mwanzo. Kaza gari likiwa limesimama kwa tairi zake, limetikiswa mara kadhaa.

Nyuma

Hamisha stendi mbele ya mahali springi inaposhikia chesisi, jeki iwe chini ya difu. Fanya upande mmoja mpaka uishe, kisha mwingine, maana springi zote mbili zikitoka ekseli inaelea na kuirudisha mahali pake ni nusu saa ya kusukumana.

Kabla ya kuanza, tazama mambo matatu: mpira wa breki kutoka chesisi kwenda ekseli, kebo za breki ya mkono, na kama kuna fimbo nyembamba inayounganisha ekseli na vali kwenye chesisi. Toa shokapu. Fungua yu-bolti, zikikataa, zikate kwa grainda bila huruma, kwani hazirudishwi hata kama zimetoka nzima. Yu-bolti ikishakazwa imeshavutika, na ikikazwa mara ya pili haishiki kwa nguvu ileile.

Toa sheko, kisha pini ya mbele. Pini ikiwa imeshikana na mrija, usipashe gesi karibu na springi mpya, tangi la mafuta au mpira wa breki. Kata.

Springi mpya ina upande mfupi na mrefu kutoka senta bolti, ile inayoshika mabamba pamoja katikati, hadi jicho. Linganisha na ya zamani kabla ya kuinua. Ikigeuzwa, ekseli itasogea na tairi itakaa mbele au nyuma ya katikati ya tao. Paka grisi bushi za polyurethane ndani na nje, bila hivyo zitalia kama kitanda cha zamani ndani ya mwezi. Ingiza pini ya mbele, kisha sheko, zote kwa mkono. Inua ekseli mpaka kichwa cha senta bolti kiingie kwenye tundu la kikalio chake. Hakikisha kwa macho na kwa kidole. Kichwa kikikaa pembeni mwa tundu, yu-bolti zitakazika na gari litatembea, mpaka senta bolti ikatike na ekseli iende mrama gari likiwa safarini.

Kaza yu-bolti kwa msalaba, kidogokidogo, uzi uliobaki chini ya nati uwe sawa pande zote nne. Kipimo cha nguvu fuata karatasi ya seti. Nati za tairi za Hilux ni Nm 105. Anayekosa spana ya kipimo ajue kwamba hiyo ni nguvu ya kama kilo 21 kwenye mpini wa nusu mita, si ya mtu mzima kusimama juu yake.

Ile fimbo ya vali. Kazi yake ni kupima mzigo: karoseri ikishuka, vali hufungua na breki za nyuma hupata nguvu zaidi. Ukiinua chesisi milimita 50 bila kuigusa, vali huona gari tupu kuliko tupu na kuzinyima breki za nyuma, hata ukiwa umebeba nusu tani. Pua itazama kila ukikanyaga, na pedi za mbele zitakwisha haraka. Dawa ni kibano cha kushikia fimbo kiinuliwe kwa kiasi kilekile ekseli ilichojitenga na chesisi, wala si kuikunja fimbo kwa macho. Magari mapya mengi hayana fimbo hii; kazi yake inafanywa na kompyuta ya ABS.

Propela ya vipande viwili wakati mwingine hutetema gari linapoondoka, kati ya kuanza mwendo na kilomita 40 kwa saa. Chanzo ni pembe ya kiungo cha katikati. Vipande vya kushushia beringi ya katikati kwa milimita 10 hadi 15 humaliza tatizo kwenye magari mengi. Kama mtetemo umekuja kwenye mwendo mkubwa tu, usilaumu propela kabla ya kubalansi tairi.

Land Cruiser

Land Cruiser 79, ile ambayo wengi wanaiita mkonga, ina ekseli nzima mbele, na tangu 1999 imekaa juu ya koili. Kubadilisha koili zake ni rahisi kuliko Hilux, hakuna kubana kitu. Matatizo yake ni mawili. Fimbo inayoshika ekseli kutoka chesisi upande hadi upande ni ya urefu usiobadilika, kwa hiyo ukiinua, ekseli yote inasogea pembeni. Fimbo ya kurekebishika huirudisha. La pili ni kasta, yaani mwinamo wa nyuma wa shingo ya usukani: kuinua kunaupunguza, na dawa yake ni bushi maalumu zenye tundu lililohamishwa kwenye mikono ya mbele. Land Cruiser 75 za kabla ya hapo zina bamba mbele, na kasta yake hurudishwa kwa kabari za chuma kati ya springi na ekseli.

Alaimenti na kilomita za mwanzo

Gari lisiondoke mjini bila alaimenti. Kunyanyua kumebadilisha mlalo wa tairi, mwelekeo wake na kasta, vyote vitatu, na mashine inayopima mwelekeo peke yake haitoshi. Omba karatasi yenye namba za kabla na baada. Upungufu wa kasta utaujua kwa mikono: ukitoka kwenye kona usukani haurudi wenyewe, na kwenye lami iliyonyooka, kama ya kwenda Magu, gari linatangatanga na kukuchosha. Fundi wa alaimenti azungushe bolti za mkono wa chini kwa kuanza na kasta, kisha mlalo, mwelekeo uwe wa mwisho. Akimaliza, taa kubwa zishushwe. Mbele ikipanda zaidi ya nyuma, taa za usiku huingia machoni mwa wenzako.

Zungusha usukani mpaka mwisho, kushoto na kulia, tairi moja la mbele likiwa juu ya tuta. Sikiliza tairi ikisugua, tazama mpira wa breki kama umevutika, waya wa ABS kama umebana. Rudia ukiwa na mzigo.

Siku ya pili pima tena kona nne. Pakiwa na tofauti kubwa kati ya kulia na kushoto, angalia kwanza springi za pande kubadilishana, kisha bushi zilizokazwa zikining'inia. Springi mpya za bamba hushuka milimita 10 hivi zikizoea, hilo ni la kawaida. Baada ya kilomita 500, ambazo ni kama kwenda Musoma na kurudi na kidogo juu yake, kaza tena yu-bolti zote na nati za tairi. Nati zake zitaingia zaidi. Huingia kwa sababu rangi na vumbi kati ya mabamba vimesagika. Asiyezikaza ndiye husikia mlio wa "tak" chini ya karoseri kila akiondoka. Kaza tena kwenye 1,000. Bima iarifiwe kwamba gari limebadilishwa, na risiti za seti zitunzwe pamoja na karatasi ya alaimenti.

Kwa wanaovuta boti au kushuka mwaloni, kuna kitu kimoja ambacho seti haikiinui: kipumulio cha difu ya nyuma. Difu ikiwa imepata moto wa safari kisha ikatumbukia kwenye maji ya ziwa, hewa ya ndani hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia hapo, na gari refu humfanya dereva aingie kina zaidi kuliko alivyokuwa akithubutu. Funga mpira wa mita moja na nusu kutoka kipumulio hadi juu ya tangi, ukiacha ulegevu wa kutosha ekseli ikishuka, kisha fungua bolti ya mafuta ya difu baada ya safari mbili tatu za majini. Yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, yamwage siku hiyohiyo.